Pua Mpya za Serikali ya Kandokando

Ndege ya serikali ilikuwa imekwisha kuiacha ardhi, na bendi ya polisi kule chini ingali inapiga, wakati Sudi Kitojo, Waziri wa Mambo Mengineyo, alipoishika pua yake kwa vidole viwili na kuiaga. Ilikuwa pua kubwa, ya urithi, yenye matundu ambayo mkewe alizoea kusema yangeweza kupangishwa wapangaji wawili wasijuane. Kupitia dirishani aliiona nchi ya Kandokando ikipungua: barabara ya lami inayoanzia Ikulu na kuishia Ikulu, tangi la maji lisilo na maji, na watoto wa shule walioletwa uwanjani kupunga vibendera. Bado walikuwa wanapunga. Hakuna aliyewaambia waache.

Baraza zima la mawaziri lilikuwamo ndani ya ndege hiyo, na Mtukufu Ngalapi mwenyewe amekaa mbele kabisa kwenye kochi lake. Walikuwa wanakwenda ng'ambo kupunguzwa pua.

Msomaji wa nchi nyingine, ambako mambo huenda kwa utaratibu, ataona ajabu. Lakini Kandokando nayo ina utaratibu wake. Katikati ya mji mkuu, pale kwenye kipilefti, imesimama sanamu ya Mtukufu, na juu ya pua ya sanamu hiyo kunguru wawili, mume na mke, walikuwa wamejenga. Hawana lawama. Mahali pengine pote mjini palikuwa pameshagawiwa ndugu wa wakubwa. Wakatumwa mafundi kwenda kuondoa kiota. Kiota kikagoma, fundi akaongeza nyundo, na kiota kikaondoka pamoja na pua. Mafundi wakatetemeka, wakatazamana, kisha wakachukua saruji iliyobaki kwenye karai wakatengeneza pua nyingine. Saruji yenyewe ilikuwa kidogo, na pua ikatoka kidogo, nyembamba, iliyochongoka kama ya mtu anayekaribia kukudharau.

Mtukufu alipopita akasimamisha msafara. Akaitazama sanamu. Akajitazama kwenye kioo cha gari. Akaitazama tena sanamu.

"Hatufanani," alisema. "Nani kati yetu amekosea?"

Wote wakamgeukia Ludovick Pazi, Waziri wa Utii, ambaye sheria za nchi alizijua kwa kichwa kwa sababu nyingi alizitunga akiwa kitandani.

"Sheria ya Sanamu inasema sanamu ya Mtukufu haiwezi kukosea, Mtukufu."

"Basi nimekosea mimi," alisema Mtukufu, kwa unyenyekevu ambao redio ya taifa iliusifu wiki nzima.

Hivyo ndivyo safari ilivyoanza. Na kwa nini mawaziri nao? Swali la mgeni hilo. Mtukufu alipofuga ndevu, baraza lote lilifuga, akiwemo Waziri wa Akina Mama, aliyefanya alivyoweza. Mtukufu alipochomwa na mwiba akachechemea, baraza lilichechemea, na wapo wanaochechemea hadi leo kwa kukosa taarifa kwamba alipona.

*

Sasa, kwa wengine wote ndani ya ndege ile, pua ilikuwa kitu cha kushikilia miwani. Kwa Kitojo ilikuwa kazi, na siri ya nchi.

Kandokando hawapigi kura. Walijaribu zamani wakaona inachosha. Badala yake wana Siku ya Chungu. Mara moja kwa mwaka akina mama wa wilaya moja huleta kipilefti chungu kilichofunikwa, hakuna ajuaye kilichomo ila wao. Kiongozi huinama, hunusa, hutaja. Akipatia, anatawala mwaka mwingine, maana mtu anayejua watu wake wanapika nini anafaa kuwatawala. Akikosea, anakabidhiwa chungu kile kile akakioshe, na ndiyo mwisho wake.

Mtukufu Ngalapi alikuwa hajapata kukosea. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa hasikii harufu ya kitu chochote. Ugoro ulikuwa umemmaliza tangu ujana. Aliyekuwa akinusa ni Kitojo, akiwa amesimama hatua chache nyuma ya chungu, uso mkavu, kisha anajigusa. Sikio la kulia, nyama. La kushoto, kuku. Kidevu, samaki. Paji la uso, kitu cha nazi. Kubana pua, papa mkavu. Walikubaliana alama hizo chooni Ikulu, bomba likiwa limefunguliwa, na Mtukufu akamwambia siku hiyo, "Kitojo, nikikosea mwaka mmoja tu, chungu nitaosha mimi, lakini wewe utaosha gereza zima."

Ndege ilipotulia angani, Kitojo alijikokota mbele akapiga magoti kando ya kochi.

"Mtukufu, naomba kuuliza. Hii pua yangu... ile shughuli yetu... isije ikaharibika."

Mtukufu alimtazama kwa huruma. "Daktari anapunguza ukubwa, Kitojo. Hapunguzi kazi. Wewe ulipopandishwa kuwa waziri, hukupunguziwa kazi?"

"Nilipunguziwa, Mtukufu."

"Haya, rudi ukakae."

*

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo, na alizungumza kupitia mkalimani. Aliwapasua wote kwa zamu, akawapanga wodini kama mikate, kila mmoja na plasta ngumu juu ya pua, pamba ndani, na weusi chini ya macho kama waliopigana baa. Kisha akasimama mbele yao akawapa masharti.

Walale wameinua kichwa. Wasiiname. Wasipenge kamasi. Chafya ikija waiachie kwa mdomo wazi. Wasicheke kwa nguvu. Wasivae miwani. Wasiloweshe plasta, na baada ya wiki moja itolewe. Uvimbe utachukua miezi kuisha, wasikate tamaa, na wasijitazame kwenye kioo kila saa. Wengine pua inaweza kupona imepinda, wengine kupumua kukawa kwa shida, ikabidi kurudi.

"Na harufu?" Kitojo aliuliza kwa sauti ya mtu aliye ndani ya debe. "Sisikii harufu hata kidogo."

"Ni kawaida," mkalimani alisema. "Hurudi. Kwa wengi hurudi baada ya wiki kadhaa."

"Kwa wengi?"

"Daktari anasema kwa wengi sana."

Kitojo alihesabu wiki zilizobaki kufika Siku ya Chungu, jasho likamtoka hadi ndani ya plasta.

"Jambo la mwisho," mkalimani aliendelea. "Pua ikianza kutoa harufu mbaya, hiyo ni dalili ya kidonda kuharibika. Mwoneni daktari upesi."

Waziri wa Afya akainua mkono. "Sasa hiyo harufu tutaisikiaje, na sisi hatusikii?"

Daktari alifikiri, akasema neno, mkalimani akalifasiri: "Waulizeni walio karibu nanyi. Watawaambia."

Baraza zima likaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa walikatazwa.

*

Walirudi. Watoto wa shule walikuwa wangali uwanjani na vibendera. Walikuwa wamebadilishwa zamu tu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuinama. Kandokando anayeingia mbele ya Mtukufu lazima ainame, na mwenye pua mbichi haruhusiwi. Pazi akatafuta njia: waziri atakunja magoti, mgongo ukibaki wima. Ikawa kila asubuhi serikali nzima inachuchumaa kwa heshima, kama watu waliobanwa njiani. La pili lilikuwa kicheko, maana mzaha wa Mtukufu usipochekewa ni kosa. Likapitishwa azimio kwamba Mtukufu akimaliza kutania, Spika atasema "ha" mara tatu, kwa niaba.

La tatu ndilo lililozaa mambo. Daktari alisema wasiloweshe plasta. Pazi, ambaye katika maisha yake hakupata kutii amri nusu, akaona kwamba maji yakigusa mguu yanaweza kupanda. Akapiga marufuku kuoga kwa mtumishi yeyote mwenye plasta. Na plasta zenyewe zilipaswa kutoka baada ya wiki, lakini Mtukufu alijiona kwenye picha akaona zinampa sura ya mwanajeshi aliyetoka vitani. Akatangaza atavua yake Siku ya Chungu, mbele ya sanamu, wananchi walinganishe. Nani basi angevua kabla yake?

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ilikuwa msimu wa joto.

Kila asubuhi Mtukufu, aliyeshika sana agizo la daktari, aliwauliza walio karibu naye.

"Nanuka?"

"Unanukia, Mtukufu," walijibu wenye plasta, kwa uaminifu kabisa, maana hawakusikia kitu.

"Unanukia, Mtukufu," walijibu wapishi na walinzi, machozi yakiwatiririka, na Mtukufu akaguswa na mapenzi yao.

Kisha siku moja msafara ulipokuwa ukipita mjini, madirisha ya magari yakiwa wazi kwa ajili ya joto, wananchi waliokuwa wamejipanga barabarani wakainua mikono wote kwa pamoja wakabana pua zao.

"Wanafanya nini wale?" Mtukufu aliuliza.

Pazi aliwatazama, kifua kikamjaa. "Wanashika pua zao kwa heshima ya pua yako, Mtukufu. Ni saluti. Na angalia, hawakufundishwa na mtu!"

Kesho yake ikatangazwa kuwa saluti ya taifa. Shuleni ikawekwa kabla ya wimbo. Wananchi wa Kandokando, ambao sheria nyingi huzitii kwa kuvuta miguu, hiyo waliitii papo hapo na kwa mikono miwili.

*

Mke wa Kitojo, Mama Shani, hakuwa mtumishi wa serikali.

"Baba Shani, unanuka," alimwambia akiwa amesimama mlangoni, upande wa nje.

"Ni kidonda?"

"Ni wewe. Wote mnanuka. Kule sokoni wanasema gari la serikali huhitaji kuliona."

"Kwa hiyo ile saluti..."

"Saluti!" Mama Shani alisema, akaenda kulala kwa dada yake.

Kitojo alijua basi, lakini alijua kwa kuambiwa tu, kama mtu anavyojua kwamba kuna nchi zenye barafu. Na angemwambia nani? Saluti ilikuwa imeshachapishwa gazetini. Halafu yeye alikuwa na shida yake kubwa zaidi. Siku ya Chungu ilikuwa inakaribia na pua haijaamka.

Jioni Mama Shani alikuwa akija, anafunga kitambaa usoni, anamkalisha mumewe barazani na kumfumba macho. Anampitishia vitu.

"Hiki?"

"Maji."

"Mafuta ya taa. Hiki je?"

"Maji... moto?"

"Baba Shani, ni kitunguu. Nimekikata mpaka mimi nalia."

"Nipe kitu kingine. Nipe dagaa."

"Dagaa nimekushikia tangu tuanze, wako chini ya pua yako."

Kitojo alifungua macho, akawaona dagaa, akainamisha kichwa, kisha akakumbuka haruhusiwi kuinama, akakiinua.

"Mama Shani, isiporudi nimekwisha. Ataniangalia, nami nitakuwa nimesimama pale kama mlingoti."

Mama Shani alikaa, mbali kidogo. Sauti yake ikapungua ukali. "Mimi ile pua niliizoea, unajua. Ulikuwa ukiingia mlangoni unasema, leo umetia iliki. Hakuna mwenzangu mwenye mume wa kumwambia umetia iliki."

Kitojo aliigusa plasta yake. Mpaka hapo alikuwa akiililia pua kwa ajili ya Mtukufu na gereza. Kumbe na iliki nayo ilikuwa imekwenda.

*

Siku ya Chungu ikafika kwa jua kali. Kipilefti kilijaa watu, ingawa upande ambao upepo ulikuwa unaelekea hapakusimama mtu, na Pazi akasifu nidhamu yao ya kuacha njia. Mtukufu alipanda jukwaani chini ya sanamu. Wananchi wakapiga saluti. Mawaziri wakachuchumaa.

Kwanza plasta. Mtukufu aliivua mwenyewe, na mawaziri wakavua zao. Pua zilikuwa zingali zimevimba, zinang'aa kama nyanya zilizooshwa. Ya Mtukufu ilikuwa imeelekea kushoto kidogo. Pazi alitazama sanamu, akatazama pua, kisha akaagiza sanamu isogezwe.

Ndipo akina mama wa wilaya ya Mabondeni wakaja na chungu, wakiongozwa na Bi Nuru binti Mfaume, muuza vitumbua, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu. Wakakitua mbele ya Mtukufu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa jani la mgomba, na mvuke mwembamba ulitoka pembeni.

Mtukufu akasogeza uso. Akavuta pumzi ndefu, kwa madaha, kama miaka yote. Kisha macho yake yakapanda polepole hadi kwa Sudi Kitojo.

Kitojo alivuta. Hakuna kitu. Akavuta tena. Hakuna. Watu wakaanza kunong'ona. Mtukufu alikunja uso. Kitojo, kwa hofu, alivuta pumzi ya tatu kwa nguvu zote alizozaliwa nazo, na kitu ndani kikawasha, kikatekenya, na chafya ikaja. Akakumbuka daktari, akafungua mdomo, akaiachia. Kipande cha pamba kilichosahauliwa kikaruka hadi miguuni pa sanamu.

Na harufu ikarudi.

Haikurudi kwa adabu. Ilirudi na baraza zima la mawaziri, wiki zote zile, joto lote lile, suti zote zile za sufu. Mkono wa Kitojo ukapanda wenyewe, kabla hajauagiza, ukabana pua.

Uso wa Mtukufu ukachangamka.

"Papa mkavu!" alitangaza, na vipaza sauti vikarudia mji mzima.

Bi Nuru alimtazama kwa jicho la mama mwenye watoto wengi.

"Papa yupo, baba," alisema. "Ila hayumo humu chunguni."

Akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na maji ya moto, mazuri, yametiwa mchaichai na majani ya mlimau. Juu yake lilielea dodoki jipya, na pembeni, kwenye jani dogo la mgomba, kipande cha sabuni.

"Tulikaa kikao kule Mabondeni," Bi Nuru alisema. "Tukasema mwaka huu tusimpikie. Mtu aliyefikia hapa, shida yake si njaa."

Hapo Kitojo akacheka. Alicheka kile kicheko alichokatazwa, mdomo wazi, pua ikimuuma, damu kidogo ikimtoka tundu moja. Na katikati ya uvundo ule aliusikia mchaichai waziwazi, halafu mlimau, halafu, kutoka mbali kwenye umati, kanga ya Mama Shani iliyofukizwa udi. Akalia pia.

Mtukufu alishuka ngazi moja. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa.

"Kitojo. Kwani nanuka?"

Pazi alimkata Kitojo jicho. Walinzi wakamtazama. Gereza, kutoka pale, lilionekana vizuri sana.

"Ndiyo, Mtukufu," Kitojo alisema. "Sote tunanuka."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipopigwa marufuku kuoga."

"Na hukuniambia?"

"Niliambiwa na mke wangu, Mtukufu, nikanyamaza. Mimi mwenyewe sikuwa na pua."

"Na hawa?" Mtukufu alinyoosha mkono kwa umati. "Wenye pua?"

Umati, ulipoona mkono wa Mtukufu umenyooshwa, ukafanya kama sheria inavyotaka. Mikono ikapanda yote, wazee, akina mama, askari wa bendi, watoto wenye vibendera, wakabana pua.

"Walikuwa wanakuambia kila siku," Kitojo alisema.

*

Mtukufu Ngalapi alikabidhiwa chungu. Alioga kwanza, kisha akakiosha, na wanaosimulia wanasema alikiosha vizuri. Sasa anaishi kwa dada yake. Pua yake imebaki kuelekea kushoto na anapumulia zaidi tundu la kulia.

Ludovick Pazi alirudi ng'ambo kunyooshwa pua, akanyooshwa kupita kiasi, akarudi tena. Yuko huko.

Serikali mpya iliundwa na watu wale wale, baada ya kuoga. Spika angali anasema "ha" mara tatu, ingawa sasa mawaziri wanaruhusiwa kucheka.

Bi Nuru alipewa kiti cha Mtukufu, akakikalia asubuhi moja, akasema kinamuumiza mgongo. Anauza vitumbua pale pale Mabondeni.

Sanamu ilisogezwa, ikapasuka shingoni. Kunguru wamejenga kwenye kola.

Sudi Kitojo hakufungwa, kwa kuwa kosa lake halikupatikana katika sheria, na aliyezijua sheria alikuwa ng'ambo. Aliacha uwaziri. Pua yake ni ndogo sasa na mbaya, na inafanya kazi. Mama Shani alirudi nyumbani wiki ile ile, akapika chai. Kitojo alisimama mlangoni akasema ametia iliki.

Watoto wa shule waliondolewa uwanja wa ndege. Saluti haijafutwa. Muswada wa kuifuta uliletwa mara moja, wananchi wakaomba ibaki.